Mtamba Tuliyemla Kwenye Shimo la Tisa

Klabu yetu ya gofu ilikuwa imebakiwa na wanachama kumi na wanne. Ushirika wa pamba wenye ardhi ile ulituandikia barua mwezi Julai: tukifika mwisho wa Oktoba tukiwa chini ya thelathini, eneo litapimwa viwanja vya nyumba.

Kwangu hiyo haikuwa habari ya mchezo. Mimi ndiye mtunza uwanja. Niliacha shule darasa la tano nikaja kubeba mabegi ya fimbo za mabwana wa kiwanda cha kuchambua pamba, na kiwanda kilipofungwa mimi nikabaki na uwanja. Nyumba ninayokaa na mke wangu ni ya klabu, vyumba viwili kando ya shimo la kwanza. Uwanja ukiondoka, nyumba inaondoka nao, na mimi nina miaka hamsini na tatu. Kazi nyingine siijui.

Uwanja wenyewe uko karibu na kijiji cha Didia, na si kama ile mnayoiona kwenye televisheni. Majani yetu ni yale aliyoyapanda Mungu. Pale penye shimo hakuna majani kabisa, ni mchanga tuliouchanganya na oili chafu ya magari ili upepo usiuchukue, na mtu akimaliza kucheza anausawazisha kwa reki. Mashimo tisa. Zamani walikuja watu wa Shinyanga mjini, madaktari, watu wa pamba, baadaye watu wa dhahabu. Walikuwa sabini na tano.

Kamati ilikaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Theonest, mtu wa Bukoba aliyestaafu benki, alisoma sababu alizoziandika kwenye karatasi. Vijana wanabeti mpira kwenye simu. Ada iko juu. Watumishi wanahamishwa. Jua limekuwa kali. Kila aliyesimama aliongeza yake aliyotoka nayo nyumbani. Mimi nilikuwa mlangoni na reki yangu.

Katibu alikuwa Mama Valerian. Jina lake ni Asteria, lakini hakuna anayelitumia. Ni mkunga mstaafu wa miaka sitini na moja, mfupi, anavaa raba za shule, na hucheza kwa fimbo tatu tu kwa sababu anasema nyingine ni mapambo. Aliwaacha wamalize. Kisha akauliza:

"Nani kati yenu amemwuliza hata mmoja aliyeondoka?"

Alikuwa na rejista ya klabu mapajani. Majina sitini na moja yalikuwa yamepigwa mstari.

"Basi nitawauliza mimi," akasema. "Masalu, tunakwenda wote. Mtu uliyembebea begi unamjua kuliko mkewe."

Mzee Theonest akasema ni kupoteza nauli. Mama Valerian akamwambia nauli ni yake.

Wa kwanza alikuwa Daktari Januari, anayekaa mjini, mtaa wa Ngokolo, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Valerian. Tulimkuta anamwagilia mchicha.

"Shikamoo daktari," nikasema.

"Marahaba Masalu. Bado mnaungua jua kule?"

"Tunaungua."

Mama Valerian hakuzunguka. "Uliondoka kwa nini?"

"Mgongo, mama."

"Jumamosi nilikuona sokoni na gunia la mchele begani."

Daktari akacheka. "Wewe ulikosea kuwa mkunga. Ungekuwa polisi." Akaweka ndoo chini. "Gunia nalibeba hatua ishirini. Lile begi ni mashimo tisa mara mbili, juani, natafuta mpira peke yangu kwenye nyasi kama mwehu. Zamani nilikuwa na Shija wa Didia ananibebea. Shija anakwambia upepo ukoje. Ukipiga vibaya anakupa uongo mzuri ili usione aibu. Siku moja hakuja. Wenzake wote hawakuja. Nilivumilia mwaka mmoja, nikachoka."

"Kwa nini hawakuja?"

"Kamati ilituambia wamekimbilia machimboni."

Mama Valerian akaandika kwenye daftari. Mimi nikaangalia mchicha. Sababu niliijua, na nilinyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka tisa, sikuona ugumu kuongeza siku moja.

Tulizunguka wiki mbili. Wengine walitupa zile sababu za kwenye karatasi ya Mzee Theonest, na Mama Valerian alizipokea, akakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kukaa. Alikuwa amezoea kusubiri watoto watoke. Mtu akimaliza kusema ada, akasema watoto wa shule, mama bado yuko kwenye kiti, amefunga mdomo, kalamu iko mkononi. Halafu mtu anasema: pale hapakuwa na watu tena, mama. Mlikuwa mnacheza kama mko kifungoni.

Siku moja tulipanda basi alfajiri hadi Kahama, tukabadilisha, saa saba mchana tukawa Katoro, kwenye machimbo, kwa Leodgar, mmoja wa wale waliopigwa mstari. Familia yake iko Ngokolo lakini yeye anakaa Katoro ananunua dhahabu. Duka lake ni chumba kimoja chenye mizani ndogo, taa ya gesi na simu nne juu ya meza. Nje bodaboda zinalia muda wote. Aliinuka akamkumbatia Mama Valerian.

"Mama mkunga. Umekuja kunidai ada?"

"Nimekuja kujua kwa nini huji."

"Hapa nina maduara mawili ya kuchimbia dhahabu," akasema. "Kama ni kupoteza siku kwenye shimo, nina yangu."

Mama hakucheka wala hakukasirika. Akakaa. Leodgar akamkaribisha soda, akanipa na mimi, akapokea simu mbili, akakuta bado tupo.

"Sikiliza, mama. Nimechimba chini ya ardhi miaka kumi na moja. Nilipopata vijisenti nilitaka kutembea mahali peupe na mtu wa kupiga naye hadithi. Nikaja kwenu. Kupiga mpira nilifundishwa na wale wabeba mabegi wa Didia, siyo nyie. Nyie mlinifundisha kuvaa soksi ndefu. Walipoondoka nikabaki na soksi."

"Waliondoka kwa nini?"

Leodgar akaniangalia. "Masalu hajakwambia?"

"Masalu hajaniambia nini?"

"Mimi nanunua dhahabu, siuzi maneno ya watu. Kawaulize Didia."

Tulilala Katoro nyumba ya wageni, kila mtu chumba chake, asubuhi tukapanda basi kurudi. Nilijua ataniuliza. Hakuuliza. Tulifika Ushirombo hajauliza. Kahama tulikula wali maharage, akaniuliza kama mke wangu anaendeleaje na miguu. Basi likaondoka Kahama, mama amekaa dirishani na daftari lake mapajani, analitazama pori. Nimewahi kupigwa na baba yangu, nimewahi kuwekwa mahabusu siku mbili kwa kosa lisilo langu, lakini sijawahi kubanwa kama nilivyobanwa na mwanamke yule asiyeuliza kitu. Tulipopita Tinde nikasema.

Ulikuwa mwaka wa ukame, Desemba 2016. Malisho yote ya Didia yalikuwa vumbi. Kwetu palikuwa na majani kwa sababu tulikuwa na uzio na kisima. Ng'ombe kumi na mmoja wa mzee mmoja aitwaye Mihayo walivunja uzio wakaingia. Niliwafunga nyuma ya stoo. Kamati ya wakati ule ikasema Mihayo atoe ng'ombe mmoja wa faini, akakubali, maana faini ya ng'ombe hapa kwetu kila mtu anaielewa. Nikaambiwa nichague.

"Kulikuwa na maksai mzee," nikamwambia Mama Valerian. "Kulikuwa na dume linalochechemea. Angetoa mmoja wa hao, angenung'unika kidogo, ingekwisha. Mimi nikachagua mtamba. Mweusi, doa jeupe kifuani, yuko tayari kupandwa. Ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Baba yangu alichunga ng'ombe wa watu maisha yake yote, jicho la ng'ombe ninalo. Nadhani nilitaka kamati ione kwamba ninajua."

Nikamalizia.

Mtamba hachukuliwi faini. Mtamba ni ng'ombe wa kesho. Na ng'ombe wa faini hata akiwa maksai huliwa na wote, aliyeshtaki na aliyeshtakiwa wanakaa kwenye nyama moja, ndipo kesi inapokufa. Sisi tulimchinja siku ya mashindano ya Krismasi, tukamchoma pale kwenye shimo la tisa, tukala wenyewe. Upepo siku ile ulielekea kijijini. Wiki iliyofuata Didia walikaa mkutano wakatutenga. Klabu nzima, wenye klabu na anayeitunza. Ukitengwa huletewi barua. Aliyejua kwanza ni mke wangu. Alikwenda kununua maziwa, kila nyumba ikamwambia hakuna maziwa. Kijiji kizima cha ng'ombe, hakuna maziwa. Tangu siku ile anayafuata mjini.

"Mzee Theonest ni mtu wa Bukoba, desturi za hapa hazijui," nikasema. "Aliona wabeba mabegi hawaji, akafikiri wamefuata dhahabu. Mimi nilijua. Nilijua wangeuliza nani alichagua."

Mama Valerian alifunga daftari lake. Halafu akasema, "Nilikula ubavu. Ulikuwa laini sana. Nikauliza ng'ombe wa wapi huyu, nikaambiwa wa mnadani."

Akasimama akashika kiti cha mbele. "Konda, tushushe Didia."

"Mama, leo?"

"Unataka kungoja miaka tisa mingine?"

Mihayo tulimkuta nyumbani, anashona kamba ya ngozi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilisema shikamoo. Hakuitikia. Mama Valerian akamsalimu Kisukuma, mwadila, naye hakuitikia. Tukasimama juani kama tuliokuja kuomba kura.

Aliyetuokoa ni mkewe, Paskalina. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama mama, akasema, "Mihayo, huyu ndiye aliyenitolea Kulwa na Doto. Kama unamtenga huyu uwarudishe na mapacha."

Akaleta kigoda kimoja. Si viwili. Mama akakaa, mimi nikabaki nimesimama, na niliona ni haki.

"Nimekuja kumlipa mtamba," Mama Valerian akasema.

Mihayo akaendelea na kamba yake. "Mtamba mmoja?"

"Sijasema mmoja. Nimesema kumlipa."

Hapo akainua macho. Kwa sisi tunaofuga, mtamba aliyechukuliwa miaka tisa iliyopita hawezi kuwa ng'ombe mmoja. Angekuwa amezaa, na watoto wake wamezaa. Mtu anayekuja na kamba moja anakutukana upya. Mama Valerian alizaliwa Ushirombo kwa watu wa jembe, sikutegemea alijue hilo. Baadaye nilimwuliza alijuaje, akasema miaka thelathini ya wodini umesikia kila kesi ya ng'ombe iliyopo duniani, kwa sababu mwanamke mwenye uchungu husema yote.

"Basi tumhesabu," Mihayo akasema.

Mfukoni mwangu huwa hamkosekani mipira ya kuokota. Mama akaniambia niitoe. Akaweka mmoja mweupe mavumbini.

"Huyu mama yao. Weupe ni majike, wa njano madume."

"Mwaka uliofuata alizaa," Paskalina akasema. "Jike."

"Mwaka uliofuata hakuzaa," akasema Mama Valerian. "Alikuwa ametoka kwenye ukame, mbavu nje. Mwanamke akitoka kwenye njaa hashiki mimba papo hapo, na ng'ombe vilevile. Angezaa 2018."

"Ng'ombe wangu hawafanani na wanawake wako."

"Wa kwako mwingine yeyote alizaa 2017?"

Paskalina akamtazama mumewe. Mihayo akafikiri. "Hakuna aliyezaa," akasema.

Mpira mweupe wa pili ukawekwa, 2018. Wa njano ukafuata. Paskalina alitaka azae kila mwaka; Mama Valerian akasema hapa kwetu ng'ombe anayezaa kila mwaka yuko kwenye kalenda tu. Walibishana kuhusu ng'ombe ambaye hakuwahi kuwepo kana kwamba amesimama pale anawasikiliza. Majirani walianza kusogea. Mmoja alikuwa Shija, yule aliyembebea Daktari Januari, sasa ana ndevu zenye mvi. Akaona mipira akasema kundi hili limenona, halijaona kupe.

Wakafika kwenye ndama watano. Paskalina akanyoosha mkono aweke wa sita, na Mihayo akamzuia. Akachukua mpira mmoja wa njano akautupa pembeni.

"Mwaka juzi ugonjwa ulipita hapa," akasema. "Nilipoteza wanne. Siwezi kusema wa kwake angepona."

"Kwa nini unatupa mali?" mkewe akauliza.

"Si mali. Amekufa."

Mama Valerian akainama, akatazama ule mpira uliotupwa. Niliona amemheshimu mtu yule. Akawatenga weupe wawili waliobaki kati ya watoto, akasema, "Huyu mkubwa na yeye ameshazaa. Mara mbili. Hamjamhesabia."

Hawakuwa wamemhesabia. Alichukua mikononi mwangu mipira miwili akaiongeza mwenyewe, upande wa wanaodai, dhidi yake.

Nimewaona wachezaji wengi. Nimemwona mtu akipiga mpira mita mia mbili ukaingia shimoni. Nimewaona pia wakisogeza mpira kwa ncha ya kiatu wakidhani mbeba begi amelala. Sijawahi kuona mtu akijihesabia pigo ambalo hakuna aliyeliona, isipokuwa yule mama, na alifanya vilevile uwanjani kila Jumapili.

Walikuwa saba. Mama yao, watoto wanne, wajukuu wawili.

"Na nyasi?" Mihayo akauliza. "Mnakata nyasi mnazitupa. Mwezi wa kumi na moja mimi nina ndama wanakufa ninawatazama, nawaona ninyi mnatupa nyasi."

"Mna ngitili hapa?" mama akauliza. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote yasiguswe, yakafunguliwa kiangazi ndama na ng'ombe wagonjwa wapate kula. Shinyanga nzima tunaishi kwa hizo.

"Tulikuwa nayo. Imejengwa."

"Basi shimo la saba, la nane na la tisa yatakuwa ngitili. Mtayafunga na kuyafungua nyie."

Nikasema, "Mama, kamati."

"Kamati nitaiambia."

Aliiambia siku tatu baadaye. Mzee Theonest alisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu mwenye adabu.

"Tunalipa ng'ombe ambao hawajawahi kuzaliwa," akasema.

"Ndiyo."

"Nimekaa benki miaka thelathini. Riba naijua. Riba yenye kwato sijaiona."

"Umeiona leo."

"Na klabu haina ng'ombe hata mmoja, Mama Valerian."

"Mimi ninao kumi kwa kaka yangu. Nitatoa wanne. Mashine ya kukatia nyasi tukiiuza inanunua wawili, na nyasi zitakatwa na meno. Bado mmoja."

Hakuniangalia. Ningependa kusema nilinyoosha mkono haraka. Sikunyoosha haraka. Nilikuwa na wawili tu, jike na dume, na jike lilikuwa na mimba. Nilisimama pale na reki yangu mpaka ukimya ukanishinda, nikasema, "Mmoja ni wangu." Mama akaandika.

Mzee Theonest alisema yeye hawezi kucheza mahali penye mavi ya ng'ombe, akashukuru, akaaga kila mtu kwa mkono. Wawili wakamfuata. Tukabaki kumi na mmoja, na Oktoba ilikuwa imeanza.

Ng'ombe tuliwapeleka Didia Jumamosi, saba, kwa miguu. Mimi nilitangulia. Nilipeleka lile jike lenye mimba. Dume lingetosha kwenye hesabu, lakini safari hii hakuna aliyeniambia nichague, na jicho ninalo bado. Leodgar alileta fahali wa kuchinja kutoka Katoro kwenye lori, akiwa na rafiki zake wawili wanaonunua dhahabu. Tukamchoma pale pale kwenye shimo la tisa. Safari hii kijiji kizima kilikaa. Nilimkatia Mihayo nyama nikampa. Nikasema shikamoo.

"Marahaba," akasema, akatafuna. "Masalu, ulichagua vizuri ule mwaka. Hilo ndilo lililoniuma. Angechagua mjinga nisingekasirika hivi."

Mama Valerian akapita na rejista. Klabu ilikuwa na kanuni ya zamani kwamba mbeba begi wa miaka mitano anayejua kucheza anaweza kuwa mwanachama, na ada yake ni kazi. Haikuwa imetumika tangu mtamba. Shija aliandikwa kwanza. Daktari Januari, aliyekuwa amekuja na mgongo wake, alimpigia makofi, kisha akajiandikisha upya chini yake. Leodgar na rafiki zake wakafuata.

Akafika kwa Mihayo.

"Hapana," Mihayo akasema. "Siingii chama cha watu wazima wanaopiga kitu mbali kisha wanakifuata. Kama mnakihitaji msikipige."

"Niandike mimi," Paskalina akasema.

"Wewe utacheza?"

"Sichezi. Nataka kukaa kwenye kamati inayochagua nyama."

Akaandikwa. Tarehe thelathini na moja Oktoba tulikuwa thelathini na watatu, kumi na wanane wakiwa wa Didia, na mtu wa ushirika alikuja akahesabu majina mara mbili, akarudi na tepu yake ya kupimia haijafunguliwa.

Siku iliyofuata mke wangu alikwenda kijijini na chupa yake. Alirudi haraka nikafikiri amefukuzwa. Alikuwa amepata maziwa nyumba ya kwanza.

Sasa tuna mashimo sita badala ya tisa. Mashine ya kukatia nyasi iko kwa mtu wa Tinde. Mzee Theonest anatembea jioni peke yake barabarani Ngokolo na fimbo moja, anapunga mkono lakini hasimami. Wale ng'ombe wanne Mama Valerian alikuwa amewaweka ili awauze anunue madirisha ya nyumba yake. Matundu yake ameyaziba kwa matofali, anawasha taa mchana. Na mimi nimebaki na dume moja.